Ng'ombe Sita na Injini Moja

Miaka ile mtu wa Ifakara aliyetaka kununua injini kuukuu hakutangulia na fedha. Alitangulia na Fundi Telesphory wa Kibaoni, akaketi pembeni, akanyamaza.

Telesphory alikuwa na utaratibu wake, na hakuuruka hata kama muuzaji ni shemeji yake. Kwanza aliweka kiganja juu ya injini, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akiikuta ya moto, aliokota kofia yake na kuondoka, kwa sababu muuzaji anayeiwasha injini kabla mnunuzi hajafika anajua vizuri kwamba ikiwa baridi haiwaki. Ikiwa baridi, alifungua kifuniko cha oili na kuchungulia kama kuna utando mweupe kwa ndani. Utando ukiwepo, maji yamekutana na oili. "Hii inakunywa uji," alisema, na mazungumzo yakaisha. Kisha alitoa plagi moja moja, akaziba tundu kwa dole gumba huku mtu mwingine akizungusha handeli, apate kujua kila silinda inasukuma kwa nguvu kiasi gani.

Mwisho ndiyo ilikuwa sehemu waliyoingojea watazamaji. Injini ikishawaka, Telesphory alichukua bisibisi ndefu, akaiegemeza ncha yake kwenye bloku, akauma mpini kwa meno, akafumba macho. Alisikiliza kwa taya. Alisema sikio linadanganywa na kelele za watu, lakini jino halidanganyiki. Lori moja lilikwisha kumvunja jino la mbele kwa kazi hiyo, naye alidai kwamba yaliyobaki yamezidi kuwa masikivu.

Ufundi huo alifundishwa na bradha mmoja Mswisi katika gereji ya misheni, upande wa Mahenge alikozaliwa. Bradha alimwachia amri mbili. Ya kwanza, usimuuzie mtu injini ambayo wewe mwenyewe hujaisikiliza. Ya pili, usifute namba iliyogongwa kwenye bloku. "Namba ya injini ni jina la ubatizo," alisema bradha. "Mtu akihama nyumba, jina anahama nalo."

Amri ya kwanza ilimpatia Telesphory riziki. Ya pili ndiyo iliyokuja kumtoa jasho.

Katika mji wa Ifakara kulikuwa na gari moja lililoheshimiwa kuliko watu wengi, Peugeot 404 nyeupe ya marehemu Mwalimu Fridolin. Alilinunua jipya mwaka 1971, akiwa mwalimu mkuu, na kwa miaka ishirini lilibeba maharusi wa ukoo mzima na wa majirani wenye adabu. Kila liliposimama mbele ya kanisa, Mwalimu Fridolin aliligonga boneti kwa vidole viwili na kusema, watu wakimsikia, "Injini ya gari hili ndiyo ile ile lililotoka nayo kiwandani." Halafu alimgeukia Telesphory. "Si kweli, Fundi?"

Na Telesphory alijibu sikuzote kwa maneno yale yale: "Kama unavyosema, Mwalimu."

Hakusema "kweli." Hakusema "si kweli." Miaka sita alijibu hivyo mpaka Mwalimu Fridolin alipofariki mwaka 1992, na hakuna aliyejiuliza kwa nini fundi mwenye maneno mengi namna ile anakuwa na jibu moja tu kwa swali hilo.

Sababu ilikuwa hii. Mwaka 1986 Mwalimu Fridolin alimwoza binti yake mkubwa, Ester. Siku moja baada ya misa, akiwa amezungukwa na wazee, ulimi ulimteleza akatangaza kwamba wageni watakula ng'ombe sita. Ilikuwa miaka ya shida, hata sukari ilipangiwa foleni. Mwalimu hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Lakini huko Namawala alikuwa amehamia Msukuma mmoja, Mzee Yoramu, aliyekuja na ng'ombe wengi pamoja na mashine ya kukobolea mpunga isiyokuwa na injini. Na Telesphory alikuwa na injini ya 404 iliyochoka, aliyoitoa kwenye gari lililopinduka njia ya Kidatu na kupewa kama ujira wake.

Watu watatu walikubaliana. Injini ya kiwandani ikaenda Namawala kukoboa mpunga, injini ya Kidatu ikaingia chini ya boneti nyeupe, na ng'ombe sita, na beberu juu, wakaja Ifakara wakiswagwa kwa miguu. Karamu ile bado inasimuliwa. Mwalimu Fridolin alimwambia mke wake kwamba ng'ombe walikuwa shukrani ya wazazi wa wanafunzi.

"Fundi, apa kwamba hutasema," alimwambia Telesphory.

"Naapa, Mwalimu. Hata kwa padre?"

"Kwa padre ungama dhambi zako. Za kwangu niachie."

Basi ukoo ule ukawa na fahari mbili, karamu ya ng'ombe sita na injini ya kiwandani. Telesphory peke yake, pale mjini, ndiye aliyejua kwamba fahari moja ilikuwa imeila nyingine.

Mjane wa Mwalimu Fridolin, Mwalimu Levina, naye alikuwa amefundisha miaka thelathini. Alikuwa mama mnyoofu wa mgongo, mwenye miwani ya kamba, ambaye mbele yake hata watu wazima walificha mikono yenye uchafu. Jina la ukoo alilitunza kama vyombo vya kabatini: havitoki ovyo, na vikitoka vinahesabiwa. Mwezi wa saba mwaka 1995, wiki sita kabla ya kitinda mimba wake Rosemery kufunga ndoa, kijana wake Salvatory alikuja likizo kutoka Dar es Salaam, akalichukua gari kwenda kuwatembelea rafiki zake wa hifadhi kule Mang'ula.

Njiani maji ya rejeta yakaisha. Mshale wa joto ukapanda. Salvatory mwenyewe alieleza baadaye kwamba alidhani ni mshale wa petroli, na kwamba alishangaa kidogo kuona petroli inaongezeka gari likitembea, lakini hakutaka kumhoji Mungu. Injini ilipozima kwa moshi, alichota maji ya kijito yanayoshuka mlimani Udzungwa, baridi kama ya mtungi, akayamimina yote kwa mkupuo. Bloku likapasuka kwa mlio kama wa chungu.

Kwa majirani Mwalimu Levina alisema, "Gari limepumzika." Kwa Salvatory alisema mengine, ambayo hayahitaji kuandikwa.

Telesphory alilifungua gari, akatazama ufa, akatikisa kichwa.

"Imefikia mwisho, Mwalimu. Itabidi tutafute nyingine."

Mwalimu Levina alivua miwani. "Miaka ishirini na minne," alisema taratibu. "Injini ya mume wangu."

Telesphory alikohoa, akatafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

"Usiitupe," Mwalimu Levina aliendelea. "Ioshe, niletee ndani. Itakaa sebuleni, chini ya picha yake."

Na ikawa hivyo. Vijana wanne waliibeba injini ya Kidatu, iliyotolewa kwenye gari la mtu asiyejulikana pale nyumbani, wakaiweka chini ya picha ya Mwalimu Fridolin, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Telesphory mwenyewe aliielekeza, upande wenye namba ukutani. Wageni walipofika walipewa kiti kikiitazama. Bibi mmoja mzee kutoka Mahenge aliisalimia.

Usiku na mchana Telesphory alikuwa na neno moja kichwani. Injini nzuri ya 404 aliyoijua katika bonde zima ilikuwa moja tu, na ilikuwa Namawala. Na hiyo ndiyo ambayo Mwalimu Levina hakupaswa kuiona, maana alikuwa na kadi ya gari mkobani, na kwenye kadi imeandikwa namba ya injini. Akizilinganisha tu, marehemu ameumbuka kaburini, na fundi aliyeapa ameumbuka akiwa hai.

Kwa hiyo alimpeleka kokote isipokuwa Namawala.

Walianza na Mang'ula. Injini ilikuwa imefunikwa gunia nyuma ya nyumba karibu na stesheni. Telesphory aliweka kiganja, akakiondoa haraka.

"Mbona ya moto?"

"Ilikuwa juani, Fundi," alisema mwenyewe.

"Jua la Mang'ula linapenya gunia?" Telesphory akaokota kofia yake.

Baada ya siku nne walipanda treni mpaka Mlimba. Huko walionyeshwa injini iliyolala chini ya banda la kuku. Ubavuni pake, chini ya kabureta, alikuwa ametaga kuku mwekundu, na hakutaka kuhama. Mwenye injini aliapa kwamba haijawahi kufa. Mwalimu Levina aliinama, akahesabu.

"Mayai kumi na moja," alisema. "Fundi, umenileta Mlimba nione injini au nione vifaranga?"

"Mwalimu, sikujua kama…"

"Wewe hujui? Wewe unayejua kila chuma kilichoingia bonde hili tangu uhuru?" Alimtazama juu ya miwani, na Telesphory akajisikia ana miaka tisa na hajafanya hesabu za nyumbani.

Waliporudi, Balbina alikuwa anawangoja barazani. Balbina, dada wa marehemu, alikuwa mnunuzi wa mchele, na hakuna kijiji ambacho hakukijua kwa harufu ya wali wake.

"Wifi yangu, mnazunguka na treni kama watalii," alisema. "Namawala kuna Msukuma anakoboa kwa injini ya Peugeot. Amepata mashine mpya ya dizeli, hiyo anaiuza. Inaunguruma kama paka aliyeshiba."

Telesphory aliwahi kujibu. "Namawala? Kule kuna mbu, Mwalimu."

"Mbu wa Namawala wanahesabiwa na wataalamu wa malaria miaka nenda rudi," alisema Mwalimu Levina. "Wana kumbukumbu zao. Wa hapa kwetu ndio hawana hata daftari. Jumamosi tunakwenda."

Alhamisi kabla ya jogoo wa pili Telesphory alikuwa juu ya baiskeli. Alifika Namawala jua likiwa limepanda, akamkosa Mzee Yoramu, aliyekuwa malishoni na ng'ombe wake. Mashine ilikuwa imezimwa. Telesphory aliizunguka injini ile na mara akasahau kilichomleta. Miaka tisa! Ilikuwa imefungwa juu ya magogo mawili ya mninga, imevaa vumbi la pumba kama ushungi, lakini bolti zake zote zilikuwa mahali pake. Aliigusa begani, kama mtu anayekutana na mwanafunzi mwenzake wa zamani.

Halafu akakumbuka. Angeweza kuchukua tupa na kuisaga ile namba. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Mkono uliingia mfukoni, ukaishika tupa, na sauti ya bradha ikamwijia: jina la ubatizo. Akaitoa grisi badala ya tupa. Akaipaka namba mpaka ikapotea, akanyunyizia pumba juu yake, akarudi zake Ifakara akiimba.

Jumamosi asubuhi Balbina aliwapatia nafasi kwenye lori la kubebea mpunga. Mwalimu Levina alikaa mbele na mkoba wake mapajani. Telesphory alikaa nyuma juu ya magunia matupu na begi la vifaa, akisali kwa mtakatifu yeyote ambaye hana kazi nyingi.

Mzee Yoramu aliwapokea mlangoni mwa mashine. Alikuwa mrefu, mweusi tii, mwenye kofia ya pama, na alikuwa mtu aliyejichukulia utani na kila mkazi wa bonde bila kuuliza kama ukoo wake una haki hiyo.

"Mwangaluka, mama! Karibu. Na wewe fundi mwenye pengo, bado unakula vyuma?"

Telesphory alimkonyeza. Yoramu hakuona. Alikuwa anawaongoza ndani kwa furaha.

"Nimeiandaa, mama. Nilisikia anakuja mwalimu, nikasema mwalimu hapendi uchafu. Juzi nimetoka malishoni nikakuta mjinga mmoja ameipaka grisi ubavuni. Nikakasirika, nikaiosha yote kwa mafuta ya taa. Tena watu wa mjini mnapenda kusoma namba, basi namba nimeitilia chokaa."

Injini ilikuwa inang'aa kama sahani ya padre. Na pale ubavuni, tarakimu saba nyeupe zilimkodolea macho Telesphory, zimenyooka kama watoto wa darasa la kwanza mstarini.

Akafanya jambo moja tu aliloweza. Alikwenda akasimama mbele yake.

"Tuanze kazi, Mwalimu," alisema. "Kaa pale, penye mwanga."

Alipima kwa kiganja: baridi. Alifungua kifuniko cha oili: safi, hakuna uji. Kila alipotaka kusogea, alisogea kwa ubavu kama kaa, makalio yake yakiifunika namba. Alitoa plagi, akaziba tundu kwa dole gumba, Yoramu akazungusha handeli. Silinda ya kwanza ilimsukuma dole kwa nguvu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu na ya nne zilimfanya atabasamu bila kutaka. Chujio la hewa lilikuwa safi. Kumbe Yoramu alilikung'uta kila jioni, kwa sababu vumbi la pumba ndilo linaloua injini za mashine.

"Umeitunza, Mzee Yoramu," alisema Mwalimu Levina.

"Kama ng'ombe, mama. Maji asubuhi, oili kila mwezi."

"Na wewe uliipata wapi?"

Telesphory alirudisha plagi kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo hata ujanani, akakamata handeli, akaizungusha. Injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza na kujaza banda kwa ngurumo.

"Injini hii, mama, niliipata kwa mwali…" Yoramu alianza.

Telesphory akavuta waya wa mafuta. VUUUUM!

"Fundi, punguza, mzee anaongea!"

"Nasikiliza valvu, Mwalimu!" Akauma bisibisi, akafumba macho.

Yoramu alisogea karibu na Mwalimu Levina, akainua sauti. "Nasema, kulikuwa na mwali…"

VUUUUM!

Wanawake waliokuwa wamekaa nje na mafurushi yao ya mpunga walianza kucheka. Mmoja alisema fundi ameshikwa na pepo. Yoramu, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa na kelele za mali yake mwenyewe, aliweka mikono mdomoni kama pembe akapiga kelele. Telesphory akavuta waya zaidi. Yoramu akapaza zaidi. Telesphory akavuta mpaka mwisho.

Ndipo petroli ikaisha. Yoramu alikuwa ametia chupa moja tu, ya majaribio. Injini ikazima ghafla, na katika ukimya ule sauti ya Mzee Yoramu ikaenda mpaka barabarani:

"…ALIKUWA ANAOZA BINTI! NIKAMPA NG'OMBE SITA! SITA, NA BEBERU JUU!"

Kuku mmoja alikimbia. Telesphory alibaki na bisibisi mdomoni.

Mwalimu Levina alifungua mkoba, akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko bahasha, ndani ya bahasha kadi ya gari. Akainuka, akamwendea Telesphory.

"Fundi, sogea."

"Mwalimu, hapa pana oili, utachafua…"

"Telesphory. Sogea."

Akasogea. Mwalimu Levina aliinama, akaweka kidole kwenye tarakimu ya kwanza ya chokaa na kidole kingine kwenye kadi, akasoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama anaita majina ya wanafunzi. Zote saba zilikuwepo darasani. Akarudia kutoka mwisho kuja mwanzo. Hakuna iliyokosekana.

Akaketi juu ya gunia la mpunga. Telesphory alimwangalia uso wake, akaona jambo ambalo hakulitegemea. Midomo ilikuwa imebanwa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Wazazi wa wanafunzi," alisema Mwalimu Levina hatimaye. "Shukrani. Fridolin, wewe! Na mimi niliwaandikia wazazi barua za asante. Arobaini. Ndiyo maana hakuna aliyejibu."

Alifuta machozi kwa pembe ya kitenge, na hayakuwa ya huzuni yote. Kisha akakaza mgongo.

"Fundi. Uliapa hutasema?"

"Niliapa, Mwalimu. Kwa marehemu mama yangu."

"Umesema?"

"Sijasema."

"Basi kiapo chako kizima. Mimi sijaambiwa na mtu. Nimejisomea." Akairudisha kadi kwenye bahasha. "Ila nataka kujua yule aliyelala sebuleni kwangu wiki tatu, na kitambaa changu cha kufuma, ni nani?"

"Ni… ni wa njia ya Kidatu, Mwalimu."

"Wa njia ya Kidatu. Na watu wanamsalimia." Mabega yakatikisika tena. "Sasa niambie la kazi. Injini hii ni nzima?"

Telesphory alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nzima, Mwalimu. Mashine haikimbii, haipandi mlima, haiendeshwi na Salvatory. Imekuwa kama mtu aliyekaa misheni."

Mzee Yoramu, aliyekuwa anawatazama bila kuelewa wanacheka nini, aliona ni wakati wa biashara. Alisema injini yake ni ya ng'ombe sita, na kwa kuwa ng'ombe wamepanda bei, atapokea thamani ya sita wa leo.

"Sita?" Mwalimu Levina alisema. "Mzee Yoramu, wale wa kwanza niliwala mimi. Mmoja alikuwa fahali mzee. Tulimtafuna kuanzia Jumamosi mpaka Jumanne. Baba mkwe wa binti yangu alirudi kwao na taya inauma."

"Mama, fahali yule alikuwa kijana!"

"Alikuwa na umri wa kupiga kura. Na injini umeikobolea mpunga miaka tisa. Thamani ya watatu."

"Watano! Mama, unaniua."

"Wanne, na wewe unakuja harusini, unakaa mbele pamoja na wazee wa ukoo. Unakula mpaka utosheke. Lakini ukiulizwa injini yako uliiuza kwa nani, unasema umesahau."

Yoramu alifikiri. Tangu ahamie bonde lile alikuwa amealikwa harusi nyingi za mjini, na kote alikalishwa nyuma, karibu na masufuria.

"Mbele kabisa?" aliuliza.

"Mbele kabisa. Kwenye kiti chenye kitambaa."

"Mama, hata sasa hivi sikumbuki ni injini gani."

Siku kumi baadaye injini ilikuwa chini ya boneti nyeupe. Ilishuka mahali pake bila kulazimishwa, bolti zikaingia kwenye matundu yake kama zimepumzika tu. Injini ya Kidatu ilitoka sebuleni kwa mlango wa nyuma, ikapelekwa Kibaoni kuwa spea. Majirani waliouliza waliambiwa kwamba fundi amefanikiwa kuirudisha garini ile ya zamani, na hakuna neno ndani ya maneno hayo ambalo Mwalimu Levina angelionea haya mbele ya Mungu.

Siku ya harusi 404 ilisimama mbele ya kanisa ikiwa na maua ya karatasi, inaunguruma kama paka aliyeshiba. Salvatory alikuwa amekatazwa kuisogelea kwa hatua ishirini. Rosemery alishuka, vigelegele vikapanda, Balbina akatandika kanga chini mpaka mlangoni. Mzee Yoramu alikuwa amevaa suti ya kijivu, na amekaa mstari wa mbele tangu saa mbili asubuhi kwa kuogopa kunyang'anywa.

Jioni, nyama ikiwa inagawiwa, mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alilisifia gari. "Lakini nilisikia lilikufa injini," alisema. "Mmeweka nyingine?"

Mwalimu Levina aliinuka, akaenda mpaka lilipoegeshwa gari hatua chache kutoka pale, akaligonga boneti kwa vidole viwili.

"Injini ya gari hili," alisema, kwa sauti ya kufika nyuma ya darasa, "ndiyo ile ile lililotoka nayo kiwandani. Mwenye mashaka, kadi ninayo, aje tusome namba pamoja."

Hakuna aliyekwenda. Mzee Yoramu alizama ndani ya sahani yake kwa umakini mkubwa.

Mwalimu Levina alimgeukia fundi wa Kibaoni, aliyekuwa na mfupa mkononi.

"Si kweli, Fundi?"

Telesphory alisimama. Kwa miaka sita alikuwa amelijibu swali hilo kwa kuinamisha kichwa. Sasa aliuweka mfupa chini, akafuta mikono kwenye suruali yake mpya, akakitoa kifua mbele mpaka kifungo kikakatika, akalijibu kwa kinywa kizima chenye pengo:

"Kweli kabisa, Mwalimu!"

Akaketi, akaomba aongezewe nyama. Ilikuwa laini. Safari hii Mwalimu Levina alikuwa amewachagua ng'ombe mwenyewe, na kabla ya kulipa alikuwa amewafungua midomo mmoja mmoja akawatazama meno.